Karibu Zinapozidi

Juma hili nazungumzia makundi ya WhatsApp, hasa haya ya ukoo na ya mtaa. Mwaka 2016 kundi moja liliruhusiwa kuwa na watu 256. Tangu mwaka 2022 linachukua hadi 1,024. Basi fikirini mgeni anaingizwa usiku, watu mia mbili wanamwandikia "karibu", na asubuhi tangazo la msiba limezama chini ya hizo karibu. Mtu anakosa mazishi ya shangazi yake.

Mimi naona mgeni akaribishwe na mtu mmoja, tena pembeni, amweleze hapa tunaongea nini na akikwama amuulize nani. Wengine wakinyamaza si utovu wa adabu. Tangu mwaka 2018 kundi linaweza kuwekwa waandike wasimamizi peke yao. Liwepo moja la namna hiyo kwa misiba na michango. Soga ziende kundi la pili, atakaye aingie.

Na huyo msimamizi je? Mara nyingi ni mama mmoja, anayeletewa malalamiko hata saa saba ya usiku. Siku akichoka hujitoa, na anaondoka na hesabu ya nani kachanga nini. Wasimamizi wanaweza kuwa zaidi ya mmoja. Wawe watatu, wapokezane kila juma (akina baba nanyi mmo!), daftari la michango lipite kwa wote, na asiye zamu azime mlio wa simu alale.