Gazeti la shule si pambo la ukutani

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika shule zetu nyingi za upili, kusoma, kuandika habari na kubuni hadithi vimetengwa kana kwamba ni kazi za watu watatu wasiojuana. Riwaya teule husomwa kwa ajili ya karatasi ya fasihi, tena mara nyingi kupitia mwongozo badala ya kitabu chenyewe. Tahariri na barua kwa mhariri hufundishwa kama sura tu: anwani ikae hapa, kichwa kipigiwe mstari pale. Nayo insha ya kubuni hutungwa kwa misemo iliyokaririwa. Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha arobaini kwa usiku mmoja anajua ni mara ngapi jua hupenyeza miale yake dirishani kabla kisa hakijaanza.

Hebu tuchukue mfano wa sarufi. Mwanafunzi hukariri kauli ya kutendwa na ya kutendeka, akapata alama zake, akasahau. Lakini mwambie aandike habari ya maneno 80 kuhusu tangi la maji la shule. Je, tangi "limevunjika" au "limevunjwa"? Kitenzi cha kwanza hakina mtendaji. Cha pili kinamdai, hata asipotajwa. Hapo sarufi imekuwa suala la ukweli, kwani itambidi aende akaulize nani, lini na kwa nini. Akirudi, na alitazame upya jina la riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea. Kauli ya kutendea, pamoja na kiambishi cha mtendwa, ndiyo inayogeuza kuoza kwa dagaa kuwa msiba wa mtu. Marehemu Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, alikuwa mtangazaji na mtunzi pia, wala sioni kwamba kazi moja iliidhuru nyingine.

Kipo kikwazo kisichozungumzwa sana, nacho si uhaba wa vitabu. Gazeti la shule, likiwapo, hupitiwa na wakuu kabla ya kubandikwa, na habari ya tangi huwa ya kwanza kuondolewa. Hubaki picha za siku ya michezo na shukrani kwa bodi. Mwanafunzi hujifunza upesi kwamba kuandika ni kusifu. Ndipo hukimbilia misemo, maana misemo haimkasirishi mtu.

Hofu ya wakuu haifai kupuuzwa, kwa kuwa uvumi ukibandikwa ukutani waweza kuzua mgomo. Hata hivyo, kuna njia ya kuuzuia bila kuwaziba wanafunzi midomo. Kila habari ithibitishwe na watu wawili, anayelaumiwa apewe nafasi ya kujibu katika toleo hilohilo, na mwalimu mlezi ahariri akiwa na wanafunzi wake, asiifanye kazi hiyo nyuma yao. Haya hayangojei fedha za wizara. Karatasi mbili za manila, kalamu na dakika arobaini za Ijumaa alasiri zatosha kwa toleo la kwanza.