Tumeshinda, wamefungwa

Asubuhi ya Jumatatu, Novemba 6, 2023, nilimwomba mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu anifungie viwili. Akafunga vitano, akanikabidhi kwa mkono mmoja huku mwingine kauinua juu, vidole vyote vimechanua. "Si ndiyo hesabu ya jana, mwanangu?"

Nilivilipia vyote. Ningebisha nini? Jioni iliyotangulia, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga waliifunga Simba 5-1. Tulikwenda mapumziko 1-1, Kibu Denis akiwa amesawazisha bao la mapema la Kennedy Musonda, na kibanda umiza nilichokuwamo kilikuwa bado kinaimba. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akatupia mawili, Aziz Ki moja, na Pacôme Zouzoua akafunga hesabu kwa penalti. Hazikupita siku mbili klabu yangu, Simba, ikaachana na kocha Robertinho.

Usiku ule wa mechi sikulala. Moyo ulidunda kama wa mtu aliyetoka kukimbizwa, tumbo likagoma chakula, na nilipofumba macho niliona nyavu zikitikisika. Mke wangu alinivumilia hadi saa sita, kisha akauliza: "Kwani wewe ulicheza namba ngapi?"

Alikuwa ananitania, lakini sayansi inalo jibu. Ubongo unapoona kitu unachokithamini kipo hatarini, huziamuru tezi ndogo zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini, na baadaye kotisoli, homoni ya msongo. Mapigo ya moyo huenda mbio, presha hupanda, sukari humwagwa kwenye damu ili misuli iwe tayari kupigana au kukimbia. Tatizo ni kwamba shabiki amekaa kwenye benchi la mbao na soda mkononi. Hapigani, hakimbii, na homoni haziondoki kwa sababu refa amepuliza kipenga cha mwisho.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapima mate mashabiki wa Brazil wakati wa Kombe la Dunia la 2014, ikiwemo nusu fainali ya Julai 8 ambayo Ujerumani iliwachakaza wenyeji 7-1. Kotisoli ilipanda sana, na ilipanda zaidi kwa wale waliojiona wao na timu ni kitu kimoja. Tofauti kati ya wanaume na wanawake haikuonekana, kwa hiyo wale wanaodai kina mama huangalia mpira kwa ajili ya jezi tu, watafute hoja nyingine.

Kwa kijana mzima wa afya, hayo ni mateso ya usiku mmoja. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, ni habari nyingine. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa eneo la Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo siku Ujerumani ilipocheza, wakalinganisha na siku za kawaida. Walikuta idadi imefika mara 2.66. Kwa wanaume ilikuwa mara 3.26, kwa wanawake 1.82. Kishindo kilikuwa kikubwa zaidi ndani ya saa mbili tangu mpira uanze. Uingereza nako, timu yao ilipotolewa na Argentina kwa penalti Juni 30, 1998, waliolazwa kwa shambulio la moyo siku hiyo na mbili zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 25.

Mzee mwenye presha aliyezoea kusema "dawa nitameza mpira ukiisha" anakosea saa. Ameze kabla, kwa wakati wake uleule alioandikiwa, na sigara za kutuliza presha aachane nazo maana haziitulizi. Mtu akishika kifua akilalamika kinambana, maumivu yakamshukia mkononi au kumpanda taya, jasho jembamba likamtoka na pumzi ikamwishia, msimcheke kwamba ameshindwa kuvumilia bao. Mpelekeni hospitali palepale.

Nirudi kwenye swali la mke wangu, maana lina upande wa pili ambao unaonekana kwenye lugha yetu wenyewe. Kaa kijiweni usikilize vitenzi. Timu ikishinda: tumewapiga, tumeongoza, tunakwenda robo fainali. Ikipoteza: wamefungwa, wamecheza hovyo, wameniudhi. Silabi moja tu imebadilika mwanzoni, lakini mtu ameshahama nyumba.

Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilichunguza jambo hili Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1976. Waligundua kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu huvaa zaidi nguo zenye jina la chuo Jumatatu inayofuata ushindi. Kisha wakawapigia wanafunzi simu kuwauliza matokeo ya mechi: wa ushindi walisema "sisi" kwa wingi kuliko wa kipigo. Kilichonivutia mimi ni kwamba kabla ya kuulizwa habari za mpira walipewa jaribio fupi la maswali, na walioambiwa wamefeli ndio waliong'ang'ania "sisi" ya ushindi kuliko walioambiwa wamefaulu. Mwenye jeraha lake hutafuta kivuli cha timu.

Ndiyo maana kipigo huuma kuliko mechi yenyewe inavyostahili. Aliyekosa kodi ya mwezi huu, ambaye bosi wake alimgombeza Ijumaa, Jumapili alikuwa na kitu kimoja tu cha kumnyanyua. Na shabiki wa dhati hana mlango wa kutokea. Wa kupita njia huvua jezi akaenda zake, ila aliyerithi timu kwa baba yake hawezi kuigeuza "sisi" kuwa "wao", hata akijaribu ulimi unamsaliti.

Matarajio nayo yana mkono wake. Watafiti wawili wa uchumi, David Card na Gordon Dahl, walipekua taarifa za polisi za Marekani na kuona kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikipoteza, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wapenzi wao majumbani huongezeka kwa kama asilimia 10. Timu iliyotarajiwa kupoteza ikipoteza, ongezeko hilo halionekani. Sasa chukua mtu aliyejaza mkeka kwa hela ya matumizi ya watoto, kwa uhakika wa asilimia mia, halafu akarudi nyumbani na pombe kichwani. Hapo hatuzungumzii tena mapenzi ya mpira. Mtu wa hivyo apitie kwa rafiki, atembee mpaka miguu ichoke, ndipo aingie ndani. Na mkewe ajue kwamba Dawati la Jinsia na Watoto la polisi halimuulizi nani alifunga.

Tumbo langu lilipofunguka, lilifunguka kwa chipsi mayai, sahani mbili. Hilo nalo limepimwa: katika miji ya Marekani ambayo timu yake imepoteza, watu hula mafuta mazito zaidi siku ya pili yake kwa takriban asilimia 16. Watafiti walipowaomba mashabiki waandike kwanza mambo wanayoyathamini maishani, ulafi huo ukayeyuka. Sikuandika chochote. Nilizima simu, nikaacha marudio ya mabao yajichezee yenyewe, nikaosha baiskeli ya mwanangu. Nadhani ilifanya kazi ileile.

Habari njema imekaa kwenye makadirio yetu mabovu. Wanafunzi wa chuo walipoulizwa kabla ya mechi watajisikiaje siku kadhaa baada ya matokeo, walitabiri kwamba yangewakaa moyoni muda mrefu kuliko ilivyokuwa. Walisahau kwamba kesho kuna mtihani, kuna kufua, kuna mgeni anakuja. Waliotakiwa kwanza waeleze ratiba ya siku hizo hawakukosea sana. Kwangu ilikuwa Jumatano. Niko kwenye daladala, kondakta ananidai nauli mara ya pili, na katikati ya ubishi nikashtuka kwamba tangu asubuhi sijaikumbuka mechi.

Sikubaliani na wanaoshauri mtu ajifungie mpaka utani upoe. Utani wa jadi una makali, lakini anayekutania bado amekuhesabu, na kukaa peke yako na kipigo ndiko kunakokikuza. Kwa hiyo niliendelea kununua vitumbua palepale.

Aprili 20, 2024 Yanga wakatufunga tena, 2-1. Kesho yake nikaomba vitumbua viwili. Yule mama akanitazama, akatazama kikaango, akanifungia viwili.