Fahamu: Kindi Wekundu wa Uingereza na Mgeni wa Kijivu

Tangu mwaka 1876, bwana mmoja wa Cheshire alipowafungulia kindi wa kijivu kutoka Marekani katika bustani yake ili wawe pambo, kindi wekundu, ambao ndio wenyeji wa asili wa misitu ya Uingereza, hawakupata tena raha. Mgeni ana mwili mkubwa, hula kokwa za miti kabla hazijaiva, na zaidi ya hayo huchukua virusi vya ndui ya kindi ambavyo yeye aghalabu havimdhuru, lakini mwekundu akiambukizwa, kwa kawaida hufa katika muda wa majuma machache.

Kisa cha Anglesey, kisiwa cha Wales, chastahili kuelezwa kwa tafsili. Mwaka 1998 wekundu walikuwa wamesalia takriban 40 tu. Ndipo watu wa kujitolea, pamoja na wenye mashamba waliotoa idhini, walipoanza kuwatega na kuwaua wa kijivu, kazi nzito iliyowahuzunisha wengi, kwani mnyama huyu hana hatia ya kuletwa, hata mwaka 2013 kisiwa kikahesabiwa kuwa hakina wa kijivu, na wekundu wakaongezeka kufikia mamia.

Juhudi haziwezi kukoma, maana wa kijivu huvuka kutoka bara. Huko Ireland na Scotland umeonekana msaada mwingine, ambao naona una hekima zaidi ya mitego: kurejea kwa mwindaji wa asili, jamaa ya fisi-maji, ambaye mwekundu amemzoea na kujihadhari naye tangu dahari, ilhali wa kijivu hatambui hata harufu yake.