Mtaji wa kujenga vyumba vya kupangisha bila ya riba



Ndugu zetu wengi wa Kingerikiti na vijiji vya Mbinga wana viwanja, wanataka kujenga vyumba vya kupangisha, ila mtaji hawana. Wapo wanaochukua mkopo wa riba, na riba Allah ameiharamisha (Al-Baqara: 275). Wengine hukimbilia magoma, yaani kuuza kahawa ingali changa mtini kwa bei ya kutupa. Nayo haifai, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda mtini kabla hayajaanza kuiva.

Tunaeleza hapa njia mbili za halali:

1. Musharaka. Wewe unatoa milioni 6, mwenzako milioni 4. Kodi mnagawana kwa uwiano mliokubaliana, na hasara kila mmoja anabeba kwa kadiri ya mtaji wake, 60 kwa 40. Akidai kiasi maalumu kila mwezi, vyumba vipate wapangaji visipate, hiyo ni riba iliyovishwa kanzu.

2. Murabaha. Mfadhili ananunua saruji na mabati, anavimiliki, kisha anakuuzia kwa bei inayojulikana, nawe unalipa kwa awamu. Ukichelewa, bei haipandi. Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011, huendeshwa kwa misingi ya sharia.

Tunawausia: lolote mtakaloafikiana, liandikeni na wekeni mashahidi (Al-Baqara: 282).

Wallahu a'lam.