Intaneti Ikikatika Nyumbani: Tafuta Kwanza Kosa Liko Wapi



Siku hizi wenzetu wengi, wa hapa na wa nchi jirani, hufanya sehemu ya kazi zao nyumbani kwa intaneti. Ikikatika, kazi husimama, na lawama humwangukia mfanyakazi. Tena wapo wanaolipa fundi kwa kosa ambalo wangeliondoa wenyewe. Kwa hiyo yafaa kila mmoja ajue kuipima ruta yake.

Kosa huweza kuwa mahali patatu: kwenye simu au kompyuta yako, kwenye ruta, au kwenye njia ya kampuni iliyo nje ya nyumba. Upimaji wote ni wa kutafuta ni wapi kati ya hapo.

Kwanza, tazama taa za ruta. Ikiwa hakuna hata moja inayowaka, jaribu soketi nyingine. Isipowaka bado, shuku adapta. Hizi huungua mara nyingi umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu. Ukinunua nyingine, hakikisha volti zake ni zile zilizoandikwa chini ya ruta.

Pili, kwa wenye faiba, tazama taa yenye herufi LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye chombo chako. Angalia kama waya umechomoka au umekunjwa sana, lakini usichungulie ncha yake, maana mwanga huo hauonekani nao huweza kuumiza jicho. Ikiwa waya ni mzima, basi kosa liko nje, na ni kazi ya kampuni.

Tatu, ikiwa taa zote ni nzuri, jaribu simu ya pili. Hiyo ikipata intaneti, ruta haina kosa. Shughulikia chombo cha kwanza. Zote zikikosa, unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Ikipatikana kwa waya, tatizo ni waifai: iweke ruta juu, mahali pa wazi, mbali na kuta nene na jiko la maikrowevu.

Nne, zima ruta, ngoja nusu dakika, uwashe, kisha usubiri dakika chache. Lakini usibonyeze kile kitundu kidogo cha nyuma kwa sindano. Kitundu hicho hufuta mipango yote, pamoja na jina na neno la siri ulilopewa na kampuni, na bila hayo ruta nyingi hazirudi hewani.

Lipo pia kosa ambalo hakuna fundi wa mtaani awezaye kuliondoa. Uganda, Rwanda na Burundi hazina pwani. Sehemu kubwa ya intaneti yao hupitia nyaya za baharini zinazofika Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika baharini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo ruta yako ni nzima. Waulize majirani wanaotumia kampuni nyingine kabla hujafungua mfuko.

Mwisho, andika kwenye daftari siku, saa na taa ulizoziona. Ukiulizwa na mkuu wako wa kazi kwa nini kazi ilichelewa, au ukiidai kampuni fidia ya siku ulizolipia bila kupata huduma, daftari hilo ndilo litakalokusemea.