Kinshasa: Namna ya kulala wakati Matonge hailale

Mgeni mwenye kutoka Bukavu, Butembo ao Kindu akifika Kinshasa mara ya kwanza, watu humwonya juu ya wezi, joto na msongamano wa magari. Juu ya kelele hawamwambii kitu. Atajifundisha mwenyewe, saa saba ya usiku, wakati bafle ya nganda iliyo chini ya dirisha lake itakapoongezwa nguvu.

Mimi nilijifundishia hapo karibu na Rond-point Victoire, mtaani Kalamu. Nilimsindikiza mama mkubwa aliyekuja kupasuliwa jicho, nikachagua hoteli ndogo juu ya bei. Chumba kiliangalia barabara. Nganda tatu zilipiga kila moja muziki wake, na zilipotulia, kanisa la nyuma likaanza maombi ya kesha. Asubuhi mama mkubwa alifika kwa daktari tansio imepanda, na operesheni ikaahirishwa kwa siku mbili. Siwezi kuapa kwamba ni kelele peke yake, lakini hakuwa amelala hata saa mbili.

Shirika la Afya Duniani linashauri kelele ndani ya chumba cha kulala isipite desibeli 30. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida wanafika karibu 60. Bafle ya Matonge, tusiongee.

Lakini Kinshasa haiombe msamaha. UNESCO iliuita mji wa muziki mwaka 2015, na mwaka 2021 rumba ya Kongo zote mbili ikaandikwa kati ya urithi wa kitamaduni usiogusika wa binadamu. Mwezi wa tatu 2020, Covid ilipofunga nganda, ukimya ulikuja, ila pamoja nao njaa kwa wapiga muziki na mama wenye kuchoma nyama.

Basi mgeni afanye nini? Sisi tuliomba kwanza kuhamishwa chumba cha nyuma, upande wa kiwanja. Bei ilikuwa ileile. Hakuna aliyetuambia kama kipo. Kwa farmasi tulinunua vizibo vya masikio, maana pamba tuliyotia usiku wa kwanza haikuzuia kitu. Ventilatere nayo inasaidia, mvumo wake unafunika nyimbo, mpaka SNEL ikate kurani. Hapo jeneratere inawaka, na ikiwa iko chini ya dirisha lako, umepata nganda ya ine. Uliza inakaa wapi kabla ya kulipa. Afazali pia kuona hoteli siku ya Ijumaa usiku, kuliko Jumanne mchana wakati kila kartie inaonekana tulivu. Mwenye uwezo atafute Gombe ao sehemu za Limete zenye makao, hata kama usafiri utaongezeka.

Kilichosaidia zaidi hakikulipiwa. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya wateja kujaa, nilienda kwa papa mwenye nganda, nikaagiza sukre, nikamsalimia, nikamweleza juu ya mgonjwa. Usiwangoje walewe, na usianze kwa kutaja polisi. Hakuzima muziki, lakini kufikia saa sita aligeuza bafle mbili zikaangalia barabara.

Operesheni ilifanyika siku ya tatu. Jioni, jicho likiwa limefungwa, mama mkubwa aliniomba nifungue dirisha kidogo. Alitaka kujua ni nani anayeimba.