Kipokezi Kisichoonekana: Umeme wa USB na Redio za Kompyuta

Redio ya kompyuta ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Hupokea mawimbi kutoka kwenye antena, kisha huiachia programu kazi iliyokuwa ikifanywa na saketi za redio ya kawaida: kuchuja, kuchagua stesheni na kutoa sauti. Kilichoenea zaidi duniani ni RTL-SDR, ambacho asili yake ni vipokezi vya televisheni vyenye chipu ya RTL2832U ya kampuni ya Realtek. Mwaka 2012 ilijulikana wazi kwamba chipu hiyo inaweza kupitisha mawimbi ghafi moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Mnunuzi wa Kenya anafaa kujua jambo moja: chipu hiyo husoma mfumo wa DVB-T, ilhali televisheni za Kenya hurushwa kwa DVB-T2. Anayenunua kifaa hicho ili atazame runinga amepoteza pesa. Anayetaka redio amepata.

Kapsoit, kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, panapochepuka njia ya Sondu, ni mahali pazuri pa kukitumia. Nyanda za majani chai za Kericho ziko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na antena iliyo juu ya paa inaweza kunasa stesheni za FM, ishara za ndege kwenye megahezi 1,090, na hata picha za hali ya hewa kutoka kwa setilaiti za Meteor-M za Urusi karibu na megahezi 137. Matatizo huanzia chini ya antena. Programu inadai hakuna kifaa. Au kifaa kinaonekana dakika chache kisha kinatoweka. Au sauti inakatikakatika. Kipokezi ndicho hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hakina kosa.

Cha kuchunguzwa mwanzo ni umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampea zisizozidi 500. La USB 3.0 hufika 900. RTL-SDR peke yake hutumia karibu miliampea 300, lakini HackRF One, redio nyingine ya aina hii, inaweza kukaribia 500, na kikuza mawimbi kinachopata umeme kupitia waya wa antena huongeza mzigo. Katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, matundu yote manne ya USB hugawana miliampea 1,200. Kompyuta hiyo ikilishwa kwa chaja ya simu badala ya chaja yake ya ampea 3, alama ya radi hujitokeza kwenye skrini, maana yake volti zimeshuka mno. Hapo hakuna haja ya kugusa programu. Kinachohitajika ni chaja ya kufaa, au kigawanyi cha USB chenye chaja yake chenyewe.

Waya nao hula volti. Kebo nyembamba ya mita mbili, ya aina inayouzwa kwa bei ya chini, inaweza kupoteza zaidi ya robo ya volti kifaa kinapovuta miliampea 300. Yenye nyuzi nene za umeme hupoteza takribani volti 0.1. Zipo pia kebo za kuchaji tu, zisizo na nyuzi mbili za data: taa ya kifaa huwaka, lakini kompyuta haioni chochote. Njia ya haraka ni kuchomeka kipokezi moja kwa moja kwenye laptopu bila kebo yoyote. Kikifanya kazi, mkosaji amepatikana.

Kama bado hakionekani, iulizwe kompyuta yenyewe. Kwenye Linux, amri ya lsusb huorodhesha vifaa vilivyochomekwa, na RTL-SDR kwa kawaida hujitambulisha kwa namba 0bda:2838. Namba ikiwepo na programu bado inakataa, huenda mfumo umekichukua kifaa kama televisheni. Draiva ya televisheni iitwayo dvb_usb_rtl28xxu izuiwe. Kwenye Windows, programu ya Zadig hutumiwa kuweka draiva ya WinUSB, na aliyehamisha kipokezi kwenye tundu jingine anaweza kulazimika kurudia kazi hiyo. Stima ikipotea na laptopu ikabaki kwa betri, Windows inaweza kulaza matundu ya USB ili kuokoa nguvu. Mpangilio huo huzimwa kwenye sehemu ya matumizi ya umeme.

Sauti inayokatika ni suala jingine. RTL-SDR inayochukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde hupitisha megabaiti 4.8 kila sekunde, na kompyuta kuukuu, au kigawanyi kinachobeba pia diski ya nje, hushindwa kumudu. Programu ya rtl_test huonyesha sampuli zinazopotea. Kasi ya kuchukua sampuli ipunguzwe kwanza kabla ya kufikiria kununua kompyuta mpya.

Nyumba zinazotumia sola zina kero yake: vibadilishaji rahisi vya volti 12 kwenda 5 hutoa kelele inayojaza skrini mistari isiyo stesheni. Chaja ichomolewe, laptopu iendeshwe kwa betri. Mistari ikipotea, chanzo kimejulikana.

Lipo hata hivyo tatizo ambalo kifaa hakinusuriki. Alasiri, mawingu yanapokutana juu ya vilima vya Kericho, radi na mvua ya mawe ni jambo la kawaida, na antena ya paani hukusanya chaji inayoweza kuua sehemu ya mapokezi hata bila kupigwa moja kwa moja. Kipokezi kilichoathirika hivyo kinaweza kuendelea kutambuliwa na USB na programu ikafunguka vizuri, lakini hata stesheni ya FM iliyo karibu haisikiki. Hicho hakina dawa ila kununua kingine, na kile kipya waya wake wa antena uchomolewe kabla mawingu hayajafunga.